Tansiyo Ishuke Kwanza

Kasongo, tarehe 9 Februari 2025

Nestor mudogo wangu,

Nakusalimia wewe na wote wenye kula ku chungu yako huko Wamaza. Mwanangu Josué umupe salamu zake mbele ya watu wote, na asikunje uso wakati mama yake anamusalimia. Falone muke wake naye. Huku tuko. Paa inavuja palepale. Kwaya imenirudisha musitari wa nyuma, ati nafokea wenzangu mu wimbo. Naandika ku karatasi kwa sababu simu zenu hazipatikane, na Bulaimu wa pikipiki, mwenye kubeba barua hii, anasema antena ya huko imekufa.

Sasa neno lenyewe. Juzi mu soko nilichapa mutu. Kijana alipita mbele ya meza yangu, akasukuma makayabu moja ndani ya koti, akaenda zake kama mutu aliyelipa. Nikakamata makayabu ingine, unajua vile samaki ya chumvi inakauka kama ubao, nikamutandika nayo ku sikio mpaka damu ikatoka. Nilipoinua mukono mara ya pili, soko yote ikazunguka. Nikaamka ku santé, kwa waganga, matope mu nywele.

Muganga Chimène, kasichana kadogo ka kutoka Kindu, akanifunga ile mashini ku mukono. Tansiyo, ile presha ya damu, 20 kwa 12. Akaniuliza kama nakula chumvi. Watu wote mu chumba wakacheka, maana ni mimi ninayewauzia. Basi akanikataza chumvi, akakataza makayabu, akakataza zile kete za chumvi za kuungia sombe, majani yetu ya muhogo. Mafuta ya mawese nipunguze. Nitembee kila asubuhi, nimeze kidonge kila siku hata nikijisikia muzima, na niache hasira. Nikamuambia chumvi tutaona, lakini hasira nilirithi kwa baba, haitoke na dawa.

Na tayari watu wameanza kunifichia mambo. Unajua sheria ya familia yetu tangu kufa kwa Yaya Olga, dada yetu mukubwa. Yeye alikuwa na tansiyo hivi hivi, mujinga moja akamulilia ku mulango kama mume wake amezama mu muto Lualaba, akaanguka palepale, tukazika watu wawili siku moja. Tangu pale mutu wa tansiyo hapelekewi habari mbaya. Mbuzi yangu imekufa, wananiambia imeenda kutembea. Wewe usinifanyie hivyo. Mimi si Olga.

Josué aje. Aache ule udongo wa dhahabu kidogo tu, anipigie paa, nimuone.

Mimi dada yako ambaye makayabu haijamuua,
Euphrasie


Wamaza, tarehe 16 Machi 2025

Yaya Euphrasie,

Heshima kwako, na pole ya kichwa. Sisi wote wazima. Mihogo imekubali mwaka huu. Falone iko na mimba, hiyo ni habari njema, uifurahie polepole.

Barua yako tuliisoma kwa sauti. Juu ya ule mwizi na makayabu, Josué alicheka mpaka akakaa chini. Anakusalimia. Kazi ni mingi, hataweza kuja sasa. Unisamehe kuchelewa, na unisamehe mwandiko, jipu limenitoka ku kidole.

Huku ni salama. Mu soko watu wanapenda kusema mambo ya Kabambare, wanaongeza bunduki pale ambapo hata fimbo haikupita. Usiwasikilize. Fanya yale Muganga Chimène amesema. Acha chumvi, Yaya. Acha kabisa. Na usikasirike.

Mudogo wako,
Nestor


Kasongo, tarehe 30 Machi 2025

Nestor,

Salamu. Mvua imeng'oa muti wa avoka wa jirani, umeanguka kwangu, kwa hiyo avoka zote ni zangu na jirani hanisemeshi. Muganga anasema avoka ni muzuri kwa tansiyo. Mungu anajua kugawanya.

Unasema nisikasirike. Kula sombe bila chumvi siku tatu, kisha uje unifundishe upole. Ni kama kutafuna godoro. Siku ya kwanza nilirusha chungu ku ukuta, alama bado iko pale. Sasa natia ndimu, tangawizi, kitunguu na pilipili, inaingia kidogo. Asubuhi natembea mpaka ku shamba na kurudi, na wanawake wa kisima wananiuliza nani amekufa, maana kwetu mutu hatembei bure. Nimewatukana wote.

Ile jipu yako ni ya namna gani? Mwandiko wako umelala upande wa kushoto kama mulevi. Wewe uliandika vizuri kupita sisi wote ku shule ya padri. Na mu barua yako Josué anacheka mu mwanzo, kisha hana neno lingine. Hata paa hakuniuliza.

Namutumia kambale ya moshi kupitia Bulaimu. Haina chumvi hata kidogo, aonje vile mama yake anateseka. Uniambie kama aliipenda.

Euphrasie


Wamaza, tarehe 27 Aprili 2025

Yaya mupendwa,

Shukrani nyingi. Kambale ilifika, haikuoza. Josué aliimaliza yote mpaka mifupa, anasema ilikuwa tamu sana hata bila chumvi, anakuomba ingine. Kidole kinapona. Falone anakusalimia, tumbo limekuwa kubwa.

Tansiyo imefika ngapi? Andika namba. Hiyo ndiyo habari tunangojea huku.

Nestor


Kasongo, tarehe 4 Mei 2025

Nestor,

Leo sikusalimii.

Ukoo wa marehemu Théophile, baba ya Josué, hawali kambale. Ni mwiko wao tangu kale. Josué hajatia kambale mu mudomo wake hata siku moja. Alipokuwa mudogo, akisikia harufu yake ku moshi tu alikuwa anatapika. Wewe ni mujomba, miko ya upande wa baba hukuibeba mu kichwa, na nilijua hutaikumbuka. Ndiyo maana nilituma.

Basi nani alikula ile samaki mpaka mifupa?

Jana nilimukamata Bulaimu ku shingo ya shati, nikamubana ku ukuta ya musikiti mpaka kifungo kikaruka. Nilimuambia nitamuuma. Mutu muzima, baba ya watoto, akaangalia chini akasema, "Mama, mimi nabeba tu." Nikamuachilia. Ningekuwa na panga nisingemuachilia.

Josué iko wapi? Wamemupeleka porini? Amefungwa? Amekufa? Umenidanganya mara mbili ku karatasi, na jina la mwanangu ndani. Ukinidanganya mara ya tatu nitakuja Wamaza na miguu yangu, na utaona kama mukono wa dada yako umezeeka.

Niandikie.


Wamaza, tarehe 25 Mei 2025

Yaya,

Nitukane. Ukija, nichape, sitakimbia. Lakini sitaandika.

Sikatai kama kuna neno. Liko, na ni zito. Nilimubeba Yaya Olga mimi mwenyewe toka ku mulango mpaka ku kitanda, wewe ulikuwa mu shamba. Macho yake yalikuwa wazi na hakusema kitu tena. Sitakuua na barua.

Tufanye hivi. Siku tansiyo yako itafika 13 kwa 8, ikae pale, isipande tena, Muganga Chimène aandike na mukono wake chini ya barua yako. Siku hiyo nitakuambia yote, sitabakiza kitu. Na usije huku. Njia si muzuri, na safari hii sisemi uongo.

Kula vizuri. Meza dawa.

Nestor


Kasongo, tarehe 17 Agosti 2025

Nestor,

Nakusalimia. Falone umusalimie sana, mimba yake ingepaswa kuwa imefika, na hilo nalo umelinyamazia.

Nilipopata barua yako ya Mei nilifanya ujinga, ujue. Nilikamata jembe nikapiga meza yangu ya soko mpaka ikawa kuni. Kisha nikaenda kwa kilio cha jirani, nikakaa ku sahani ya nyama ya nguruwe ya chumvi, nikala mpaka mudomo ukawaka. Nilisema nikufe basi, Nestor abaki na neno lake. Kesho yake 21 kwa 13. Damu ilitoka ku pua mbele ya watu wa misa. Chimène alinifokea vile hakuna mutu amenifokea tangu baba. Alisema, "Mama, unapigana na nani? Hakuna mutu hapa. Ni mishipa yako tu." Nilitaka kumuzaba kofi. Nikakaa chini, nikalia.

Lakini mu ile kulia niliona kitu. Kama ni vita, basi nipigane vizuri. Mwanangu iko nyuma ya ile namba. Wewe umeifunga kama kizuizi cha njia, umesimama pale na bunduki, unasema mama hapiti. Sawa. Nitapita.

Chumvi yote niliyokuwa nauza niliitoa kwa mutu mwingine wa soko, makayabu pia. Sasa nauza majani ya lengalenga na matembele, na ndizi, na watu wananiita Mama Majani, nawaacha. Mawese natia na kijiko, si na kikombe. Kahawa nimepunguza. Lutuku, ile pombe kali kidogo ya baridi, nimemwaga. Kila asubuhi natembea, na mu njia nasema jina la Josué kwa kila muti, ndiyo inanipeleka mbele.

Mwezi wa sita nilishuka 15. Nikajisikia muzima, nikaacha vidonge, nikasema nimepona. Ikapanda tena 18. Chimène akanieleza kama dawa si deni ya kulipa mara moja ukasahau, ni kama kufagia nyumba, kesho vumbi inarudi. Nikarudia. Nikikasirika sasa, nakaa, napumua na pua, nahesabu watoto wa ukoo wetu wote, wazima na wafu, mpaka moyo unatulia. Ni kazi ngumu kupita kulima. Usifikiri hasira imeisha. Nimeifunga kamba tu, bado inauma mbao.

Soma chini hapa.

Mimi Chimène, muganga, nimemupima Mama Euphrasie kila wiki tangu Julai. Leo iko 13 kwa 8. Haijapanda tena. Mumuambie.

Umesoma? Lipa.

Euphrasie


Wamaza, tarehe 7 Septemba 2025

Yaya Euphrasie,

Nakusalimia kwa heshima yote. Falone anakusalimia. Kaa chini kwanza, usisome umesimama.

Josué alikufa. Ni mwisho wa Februari, siku chache baada ya barua yako ya kwanza kufika. Alikuwa amefunga mufuko wake tayari, aje kukuona na kupiga paa. Alikuwa anangoja tu Bulaimu amalize kutengeneza gurudumu.

Asubuhi ile, jua kali, watu wa bunduki walitoka mu pori, wakazunguka machimbo. Sijui ni wa kundi gani, hawakusema jina. Walitulaza wote matumbo chini mu matope, wakatembea juu ya migongo yetu. Walitaka dhahabu na simu. Aliyechelewa kutoa walimupiga na kitako cha bunduki. Aganze, yule tuliyechimba naye, walimuvunja meno yote ya mbele kwa sababu alikohoa. Mimi nilitoa kile nilikuwa nacho. Mukubwa wao akasema ni kidogo, akaniinua na ndevu, akanizaba kofi, kisha lingine. Kijana wa umri wa Josué. Alikuwa anacheka.

Yaya, Josué ni mutoto wako. Aliona mujomba wake anapigwa kofi mbele ya watu. Aliinuka toka mu matope na mupini wa chepeo, akamupiga yule mukubwa wao ku kichwa, mara moja, yule akaanguka. Wote wakamurukia. Walimupiga na vitako, na mawe, na viatu. Nilitia mukono wangu juu ya kichwa chake. Panga lilipita pale. Ndiyo jipu langu. Mukono wa kuume hauna tena vidole vitatu, naandika na wa kushoto. Walimupiga mpaka wakachoka, wakachukua mukubwa wao, wakaenda.

Tulimubeba ku machela ya miti, kwenda Wamaza. Hakulia. Njiani aliniuliza kama yule mutu alianguka kweli. Nikasema alianguka. Akafurahi kidogo. Kisha akasema, "Mujomba, mama asijue mpaka tansiyo ishuke." Nilimuahidi. Alikufa kabla hatujaona nyumba za kwanza. Tulimuzika nyuma ya kanisa, chini kuna udongo muzuri, hauna mawe. Nilitia ile barua yako ya makayabu mu shati yake.

Uongo ulikuwa wangu, lakini agizo lilikuwa la Josué. Kambale tulikula mimi na Falone. Alipoiona alilia sana, nilifikiri analilia mume tu. Kumbe yeye aliujua ule mwiko, na alijua wewe unaniuliza nini. Hakuniambia.

Falone alizaa mwezi wa saba, musichana. Tumemupa jina lako. Analala na ngumi zimefungwa, na akinyimwa ziwa anapiga.

Sina kitu kingine nimekuficha.

Nestor


Kasongo, tarehe 21 Septemba 2025

Nestor, mudogo wangu,

Nakusalimia, na huo mukono wako nausalimia peke yake.

Barua yako Bulaimu alinipa na mikono miwili, kofia chini. Nikajua. Sikuifungua. Niliipeleka ku santé, nikamuambia Chimène anifunge mashini ku mukono, nisome huku anaangalia. Alikataa. Nikamuambia, "Utanifunga ama nitajifunga." Akafunga.

Nilipofika pale wanatembea juu ya migongo yenu, mashini ilipiga kelele. Chimène akataka kuninyang'anya karatasi. Nikamuambia akiigusa nitamuvunja mukono, na alijua nasema kweli. Nilipumua na pua. Nilihesabu watoto wa ukoo, nikamufikia Josué, nikarudi mwanzo. Nikamufikia tena. Nilisoma mpaka mwisho. Ilipanda 18. Haikupita pale.

Sikuanguka, Nestor. Nilitaka kuanguka, sitakuficha. Niliuona mulango wa Yaya Olga uko wazi. Na mwili wangu ukakataa kuingia, kwa sababu ya yale majani yote na yale matembezi yote. Nilikasirika sana na mwili wangu. Nilitoka inje, nikachukua jiwe, nikapiga muti wa pale ku santé mpaka ganda lote likatoka na vidole vyangu vikatoka damu. Chimène alisimama tu. Kisha akaniosha mikono, akanipima tena. 15.

Nilijua amekufa tangu ile kambale. Mama anajua. Lakini sikujua alikufa namna gani, na nilikuwa naota kila namna. Sasa naota moja tu. Amesimama, na yule mutu ameanguka. Umefanya vizuri kuniambia kama alianguka. Mungu anisamehe, ndiyo musitari nilisoma mara mingi.

Na kumbe ni yeye alinitia mu ile kazi. Miezi yote nilifikiri napigana na wewe, kumbe nilikuwa natii mutoto wangu. Hakuwahi kunitii yeye, hata kwa paa.

Tulikaa kilio. Watu walikuja wengi, hata wa kisima. Siku ya kwanza walipika sombe na makayabu, kilio cha kwetu hakipikwi bila chumvi, unajua. Wakaniletea sahani, wakaniangalia, maana mufiwa akikataa chakula ni kama amekataa watu. Niliirudisha. Nikainuka mbele yao wote, nikawasha moto wangu, nikachemsha muhogo na lengalenga yangu peke yake. Wengine walinuna, wakasema huyu hata hamulilii mwanawe. Sikuwachapa. Nilikula yote, nasukuma na maji, kisha nikameza dawa yangu mbele ya macho yao.

Sasa sikiliza. Njia ikifunguka, mupande nyuma ya Bulaimu, wewe, Falone na ule mutoto. Ulete mukono wako niuone. Paa tutapiga pamoja na vidole vyako vilivyobaki. Falone umuambie mapema asije kushangaa. Ku nyumba hii chumvi hakuna, na haitaingia. Nataka huyo Euphrasie mudogo akue mpaka anipige na ngumi zake mbili, na mimi niwe ningali nimesimama.

Yaya yako